Ng'ombe wa Arobaini Ndani ya Uzio wa Marehemu

Yule mzee wa kuvu amekufa. Wengi wenu mlisikia zamani, maana alizikwa wakati wa msimu wa korosho, na wapo walioniuliza kwa nini safu hii haikumtaja wakati humtaja kila mwenye duka anayeondoka duniani. Nilikuwa nasubiri. Mjane wake alikuwa ndani anakaa eda, na kulikuwa na jambo nililotaka kuliona kwa macho yangu kabla sijashika kalamu. Sasa eda imekwisha, mama ametoka, na nimeliona. Kwa hiyo leo naandika. Anayetaka kusoma habari za marehemu mpole, mcheshi, mtu wa watu, aliyependwa na wakubwa kwa wadogo, akanunue gazeti lingine.

Mimi mwenyewe sikumpenda sana, na yeye alijua. Alikuwa mzaliwa wa Naipingo, akasoma mpaka akafika huko wanakosomea udongo kama sisi tunavyosoma kurani, akaitumikia serikali katika mikoa ya mbali, na alipostaafu akarudi kuishi kijijini kwa mkewe, upande wa Ruangwa, unapoelekea Malolo. Alivaa suruali na kuichomeka ndani ya soksi kwa kuogopa kupe. Alipokuja Nachingwea alipita kwenye mashine yangu ya kukamua ufuta kununua mashudu ya mbuzi wa mkewe, naye hakuwa mtu wa kununua akaondoka. Alisimama mlangoni, akaziba mwanga wote, akaanza kufundisha. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee mwenzangu, unajua chini ya miguu yako kuna nini?" Nikamwambia kuna saruji, nimeipiga mwenyewe. "Na chini ya saruji?" Nikamwambia kifusi, nacho nimekileta mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku ile akaamua kwamba sisi ni marafiki. Sikuulizwa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nilivyo. Shule niliiacha darasa la tatu, nikatembeza chumvi kwa miguu vijiji na vijiji, na leo nina mashine, nina gari, nina nyumba ya bati mpaka jikoni, na hakuna mjomba wala ofisi ninayodaiwa shukrani. Mtu kama mimi hapendi kufundishwa, hasa na mtu ambaye mshahara ulikuwa unamfuata nyumbani kama mbwa. Lakini nikimlinganisha na wale waliomzika, basi naomba nifufuliwe pamoja na yeye, hata kama atanisemesha habari za kuvu mpaka kiama.

Maana maziko yale yalinitia kichefuchefu. Alisimama mmoja akasema marehemu alikuwa nguzo ya kijiji. Akasimama mwingine, mwenye mashamba ya ufuta upande wa Nanganga, akasema kijiji kimepoteza taa. Akasimama mwenyekiti wa kijiji, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba mzee alikuwa mshauri wake wa karibu na kwamba mafundisho yake yataishi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamtazama usoni nione kama atacheka. Hakucheka. Huyo ndiye aliyempa marehemu jina la Mzee Kuvu. Huyo ndiye aliyekuwa akipita nje ya uzio wake na kupiga kelele, "Mzee! Mboga imeiva? Tulete chungu?" Mshauri wake wa karibu!

Waliosema kweli siku ile ni watani peke yao. Mnajua mila yetu: mtani hana haya mbele ya maiti. Walikuja wanawake wawili, mmoja amevaa suruali ya kiume ameichomeka ndani ya soksi, mwingine amejitengenezea miwani ya waya. Yule wa suruali akachimba kidogo kwa jembe pembeni ya kaburi, akachukua donge la udongo, akalinusa, akalitia ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo, akaiinua juu na kusema kwa sauti ileile ya marehemu ya puani, "Tazameni, ndugu zangu. Tazameni kwa makini. Msitazame mimi, tazameni udongo!" Watu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Mwenzake wa miwani akachungulia kaburini akasema, "Mwacheni ashuke, jamani. Miaka yote alikuwa anaikagua ardhi kwa juu juu. Leo anakwenda kuikagua yenyewe." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikatambua pia kwamba wale wanawake walikuwa wamemsikiliza. Huwezi kumwigiza mtu namna ile kama hukumsikiliza. Waliotoa hotuba hawakuwa wamesikia hata neno moja.

Sasa niwaeleze alichokuwa anakifanya, maana wengi wenu mnajua kicheko tu. Kijiji kile kina mbuga, uwanda wa nyasi unaokauka kabisa kiangazi mpaka unalia chini ya viatu. Sehemu ya mbuga hiyo ni ya mkewe, aliyeachiwa na mama yake, kama mnavyojua kwamba huku kwetu ardhi nyingi inafuata upande wa mama na mwanamume ndiye anayehamia. Marehemu alipostaafu alikigawa kipande kile sehemu tatu. Ya kwanza aliizungushia miiba, asiingie mnyama kabisa. Ya pili aliizungushia na kuweka mlango. Ng'ombe waliingia muda mfupi tu, nyasi zikishakomaa na ardhi ikishakauka, wakala wakatoka, na nyasi zikaachwa zipumue. Ya tatu aliiacha wazi, ilichungwa mvua na jua kama mbuga yote iliyobaki. Halafu akakaa na kusubiri. Miaka. Watu wakaona mzee mzima na elimu yake amekaa anazitazama nyasi, wakasema kastaafu mpaka kichwani.

Alichokuwa anakitazama hakikuwa nyasi. Alikuwa anatazama chini yake. Alinieleza pale mlangoni kwangu mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwaeleza na ninyi. Ukichimba chini ya nyasi nzuri na kupasua donge taratibu, utaona vitu kama nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Hiyo ni kuvu, ndugu ya uyoga wanaookota wanawake mvua zikianza. Kuvu hiyo imeshikana na mzizi. Jani linapika chakula kwa jua na kutuma chini, mzizi unakula na kuigawia kuvu. Kuvu nayo inatambaa mahali ambapo mzizi haufiki, inaleta maji, inaleta rutuba, na katika kutambaa kwake inafunga punje za udongo pamoja kama mke anavyofunga mzigo wa kuni. Ng'ombe akila jani likachipua, si neno, biashara inaendelea. Lakini akirudi kesho na keshokutwa kulikata mpaka shina, jani halina cha kutuma chini, mzizi unafunga duka, kuvu inakufa njaa. Na zile kwato, hasa ardhi ikiwa imelowa, zinaushindilia udongo mpaka pumzi haipiti. Mwisho udongo unakuwa unga. Upepo unauchukua, mvua inauchukua, na wenye mali wanasema Mungu amekasirika.

Aliwaonyesha haya mkutanoni, na siku hiyo nilikuwepo, nilikwenda kununua ufuta. Alikuja na chupa zilizokatwa zimejaa maji na madonge makavu kutoka sehemu zake. Akatumbukiza donge la mahali palipochungwa kila siku. Likafuka, likamomonyoka, maji yakawa kama uji wa mtama. Akatumbukiza donge la kule ng'ombe walikoingia kwa zamu. Likakaa. Maji yakabaki meupe, donge limesimama ndani yake kama jino. Nakiri lilinishika. Mtu kutoka nyuma akauliza, "Sasa mzee, hilo donge linaliwa?" Kicheko. Mwingine akasema, "Hapana, hilo la kupaka, linaondoa chunusi." Kicheko tena. Mwenyekiti akasimama, akatikisa mkono watu wanyamaze, akasema, "Tunamshukuru mzee wetu kwa mazingaombwe. Tuingie kwenye ajenda." Na ajenda, ndugu wasomaji, ilikuwa malisho yamekwisha, nani alaumiwe.

Lakini hilo si jambo lililonifanya nimheshimu. Watu wa kuchekwa wako wengi, na wengine wanastahili. Lililonifanya nimheshimu lilitokea baadaye. Yeye tangu mwanzo alikuwa ametangaza kwamba ile sehemu ya kwanza, isiyoingia mnyama kabisa, ndiyo itakuwa nzuri kuliko zote. Aliapa. Alinibishia mimi pale mlangoni, nilipomwambia kwamba hakuna kitu kinachokaa bila kuguswa kikawa kizuri, hata mashine ukiifungia inaota kutu. Miaka ikapita. Nyasi za kule ndani zikarefuka, zikakauka zikiwa zimesimama, zikalaliana, zikazinyima chipukizi mwanga. Ulipokuja moto wa watu wanaosafisha mashamba, kwingine ulipita juu juu, lakini pale ulipata kuni, ukaunguza mpaka mizizi. Alipochimba, akakuta nyuzi zile ni haba kuliko za sehemu ya katikati. Akaenda mkutanoni kwa hiari yake, hakuna aliyemwita, akasimama na kusema: "Ndugu zangu, niliwaambia ng'ombe ni adui wa udongo. Nilikosea. Adui ni kumwacha asitoke. Akiingia kwa kiasi na kwa wakati, udongo unampenda."

Mnadhani walimpigia makofi? Walishangilia kama timu yao imefunga. "Kakubali mwenyewe!" "Elimu yote hiyo, kumbe hajui!" Mwenyekiti akasema hadharani kwamba hata mtaalamu sasa amethibitisha ng'ombe hawana tatizo, na kesho yake ng'ombe wakaongezwa. Walisikia neno moja, nilikosea, na yaliyofuata yote yakawapita kama basi lisilosimama. Alikuja kwangu wiki ile, hakusimama mlangoni, alikaa chini. Nikamwambia, "Ungenyamaza, ndugu yangu. Nani angejua?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Udongo unajua," akasema. Nilimwona mjinga siku hiyo. Lakini nimeishi na wafanyabiashara, na wanasiasa, na mashehe wa kujipachika, na katika hao wote sijapata kumwona mwingine aliyesimama bila kusukumwa akasema kwamba alikosea, tena mbele ya watu aliojua watamla nyama.

Na niwaambie hao ng'ombe ni wa nani, maana hapo ndipo uongo wetu ulipojificha. Ukimuuliza mtu yeyote kuanzia Nachingwea mjini mpaka Ruangwa, atakwambia mbuga imeharibiwa na wafugaji wageni waliokuja na mifugo kutoka kaskazini. Wapo, na wengine wana kiburi, na mashamba ya watu wamekula, sitetei. Lakini korosho zilipopanda bei, nani alikimbilia mnadani? Mwalimu kanunua ng'ombe. Mwenye duka la dawa kanunua. Mwenyekiti kanunua, akanunua tena. Kila mwenye senti mbili anataka aitwe mfugaji mkubwa, ng'ombe wake anawakabidhi kwa mchungaji wa kulipwa, hajui wanalala wapi wala wanakula nini, anawaona siku ya kuuza. Kisha anakwenda mkutanoni kulaani wafugaji. Mfugaji mgeni aliyeijua mbuga ile vizuri alikuwa mmoja, bwana mrefu mwenye baiskeli, na ndiye pekee aliyekuwa akimwendea marehemu na kumuuliza, "Mzee, tayari?" Akiambiwa bado, aligeuza ng'ombe wake akaenda mbali. Akiambiwa tayari, aliingiza, na siku ya kutoka alitoa bila kukumbushwa. Mwenyekiti alikuwa akimwita huyo mvamizi.

Basi ikafika arobaini. Mzee alikuwa amemwachia mkewe usia wa neno moja, na mama alinieleza mwenyewe: mvua ya kwanza ikinyesha, asiingie mnyama pale kwenye sehemu ya katikati, hata mmoja, mpaka nyasi zikomae. Kwa sababu ndipo chipukizi linapotoka, ndipo ardhi inapokuwa laini kama ugali, na kwato za siku moja zinavunja kilichojengwa miaka. Kwa mama lile halikuwa somo la darasani. Watoto wake wako mbali na wana mambo yao. Anaishi kwa mbuzi wake, na mbuzi wake wanaishi kwa nyasi zile, maana kiangazi kikikaza kijiji kizima hakina jani lililosimama isipokuwa pale. Paa la nyumba yake limeezekwa kwa nyasi za pale. Kipande kile kikifa, anakwenda kukaa kwa wake za wanawe, kwenye chumba cha uani mjini, kusubiri kupakuliwa.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri kabla ya siku yenyewe. Nilifika asubuhi, gari limejaa matope, nikakaa barazani na wanaume wengine. Kisomo kilikuwa hakijaanza. Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa nyuma ya kichwa changu, limeteremshwa khanga. Nikasikia sauti. "Shemeji, ni wewe?" Nikaitika. "Nasikia kengele." Nikauliza kengele gani, mama. "Za ng'ombe. Zinatoka upande wa pale. Niambie si pale, shemeji." Nilisimama nikatazama. Ilikuwa pale. Mlango wa miiba ulikuwa umeburutwa kando, na ndani, juu ya chipukizi la kijani ambalo halijafika hata urefu wa kidole, kulikuwa na fahali wa kuchinjwa, na mbuzi walioletwa na wageni, na ng'ombe wengine ambao hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kuwachinja, wamejaa tele, wanatafuna, wamezama kwato mpaka kwenye kifundo. Nikaivuta fimbo yangu iliyoegemea ukuta. Akaelewa. "Mimi siwezi kutoka," akasema, na sauti ilikuwa karibu kabisa na kitambaa. "Ningekuwa naruhusiwa kutoka, ningekuwa nimeshafika."

Hebu fikirini hilo. Mwanamke amekaa ndani kwa ajili ya heshima ya mumewe, na heshima hiyohiyo inamfunga asiweze kuokoa kazi ya mumewe, na nje wamejaa wanaume wenye kanzu nyeupe waliokuja kumheshimu mumewe, na ndio waliofungua mlango. Nikamfuata mwenyekiti. Alikuwa anasimamia masufuria kama jemadari. Nikamuuliza nani kawaingiza wanyama kule. "Mimi," akasema, wala hakuona haya. "Wangekaa wapi? Kwingine kote hakuna hata jani, wangekonda kabla ya kisu." Nikamuuliza na wale ng'ombe wengine? "Ah, wale wa kwangu wamemsindikiza mwenzao." Watu wakacheka. Nikamwambia watoke sasa hivi. Akanishika bega, mbele ya watu, kwa ile huruma yao ya kumdharau mzee. "Mzee wangu, tulia. Nyasi ni za marehemu, fahali ni wa marehemu, wageni ni wa marehemu. Wewe ni wa nani?"

"Nyasi si za marehemu," nikamwambia. "Ni za mkewe, kaachiwa na mama yake. Marehemu hapa alikuwa mkwe, kahamia, kama wewe ulivyohamia na sanduku lako la bati. Tofauti ni kwamba yeye alijua." Wanawake wa jikoni, ambao wote ni wazawa wa pale na wote wana waume waliohamia, waliacha kukoroga. Mmoja akasema, "Kasema kweli mzee." Mwenyekiti akajaribu kutabasamu. Mimi sikusubiri amalize, nikaenda zangu na fimbo yangu.

Sasa, mimi ni mtu wa mashine. Ng'ombe hawanijui. Nilipiga kelele, wakanitazama wakaendelea kutafuna, na kila nilipomkimbiza mmoja alizidi kuchimba matope kwa kwato. Ndipo akafika yule bwana mrefu mwenye baiskeli, naye alikuwa amekuja kwenye arobaini. Aliitupa baiskeli chini. "Mzee, acha kukimbiza," akasema. "Ukikimbiza wanalima." Akapiga mluzi mara moja, taratibu, akasimama upande wa mbali, akaanza kutembea kama mtu asiye na haraka, na wale wanyama wakageuka wakaanza kutoka kwa mstari. Nikamuuliza, wako wamo humu? "Wangu?" Akaonekana kuudhika kweli. "Wangu hawaingii kwenye mvua. Wanajua. Hawa ni wa kiongozi, hawajafundishwa." Tukaurudisha mlango wa miiba, tukauongezea matawi. Hakuna mwingine aliyekuja kusaidia. Baadhi yao walisimama mbali, wanaume wenye afya, wanalalamika kwamba pilau itachelewa.

Na waliila, msifikiri hawakuila. Walikula, wakashiba, wakamwombea marehemu kaburi lenye nafasi, wakanawa mikono, wakaondoka. Nilipita chini ya dirisha kuaga. Mama aliuliza jambo moja tu: "Wamefika mpaka mwisho?" Nikamwambia hapana, wameharibu upande wa mlangoni, kule mwisho hawakufika. "Basi," akasema. Nami nikajua kwamba nisingeandika neno mpaka atoke.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Tunapenda sana wafu huku kwetu. Mtu akiwa hai anazungumza, tunamwita kichaa. Akifa tunamvisha sifa ambazo hakuzitaka, na wakati midomo inamsifu, miguu yetu iko juu ya kazi yake inaikanyaga. Hatuikanyagi kwa ubaya. Afadhali ingekuwa ubaya, mtu mbaya unaweza kumkemea. Ni uvivu, uvivu wa kutotaka kujua kilicho chini. Nyasi zikiwepo tunaingiza, zikiisha tunahama au tunamlaumu mgeni. Hata viongozi tunawachagua hivyohivyo. Anayesema siku zote yuko sahihi tunampa kiti, anayesema nilikosea tunampa jina la utani. Kisha tunashangaa kwa nini kila kitu chetu kikiguswa na maji kidogo kinamomonyoka.

Eda ilipokwisha nilikwenda. Wanawake walikuwa wamemwogesha na kumvisha nguo mpya, na ndugu walikuwa wanamsubiri ale nao. Akawaambia subirini. Alichukua sepetu ya mumewe, akaenda kwenye uzio, akachimba upande wa mlangoni, akachimba na kule mwisho, akayaanika madonge barazani. Nilikaa mpaka yakakauka, sikuona vibaya kupoteza siku. Kisha akaleta chupa zile zile zilizokatwa shingo. Donge la mlangoni likafuka, likaanguka chini kama majivu. Lile la mwisho wa uzio likakaa, maji meupe pembeni yake. "Upande ule tutaanza upya," akasema. "Yeye alianza akiwa mzee kuliko mimi."

Mwenyekiti alipita jioni hiyohiyo, na kofia mkononi, kumpa pole ya kumaliza eda. Alipokwisha kutoa pole akakohoa. "Mama, tulikuwa tunafikiria, kwa kuwa mzee sasa hayupo, na kile kipande kimekaa tu, na kijiji kina shida ya malisho..." Mama hakumgombeza. Hakupandisha hata sauti. Alikung'uta udongo kwenye sepetu, akamnyooshea. "Nenda kachimbe pale ng'ombe wako wanapolala na kula kila siku, mwanangu," akasema. "Lete donge. Likisimama kwenye maji, nitakufungulia mlango mimi mwenyewe."

Aliichukua sepetu, maana hakujua afanye nini kingine, akaondoka nayo. Chupa iko barazani, mama anaijaza maji kila asubuhi. Anayetaka kumheshimu yule mzee asinipigie simu kunipa pole, akachimbe kwake. Mpaka naandika haya, mwenyekiti hajaleta donge, na sepetu hajarudisha.